Nyasi za Shangazi Benigna

Kashozi, 11 Februari 1973

Mwanangu Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristu. Jibu lake nilikufundisha mwenyewe, ila sijui kama huko kwa Walutheri ulikoolewa wanakuruhusu ulitamke.

Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa, lakini migomba ya kibanja hiki haijawahi kuomba maji kwa mtu na haitaanza mwaka huu. Paroko amepata pikipiki, na sasa anachelewa misa kuliko alipokuwa akitembea kwa miguu. Byabato, jirani yetu wa mpakani, amemwoza binti yake kwa karani wa mjini, na tangu siku hiyo anasalimia watu kwa ncha za vidole. Mama mkwe wangu Kokuhirwa bado yu hai kule nyuma ya migomba. Sijamsalimia, na mwaka huu utakuwa wa thelathini na mmoja.

Sasa barua yako. Niliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini kwamba imeandikwa na mtoto niliyemlea mimi tangu wazazi wake walipofariki. Kichanga cha miezi mitatu kinakoroma kifuani kutwa, kinavuta hewa mpaka mbavu zinahesabika, na wewe unaniuliza, "Shangazi, ni nini?" Mlitarajia nini? Nathanael alikuwa na kibanja chake Nshamba, kahawa na migomba, makaburi ya baba zake yamo humo humo, akamwachia mdogo wake ili aende Kimwani kuwa mjamaa. Wengine wanaingia ujamaa kwa kusukumwa. Mume wako alikwenda akiimba. Sasa mnalima mahindi kwa kengele, mnakula ugali kama mahabusu, na vijumba vyenu vimepangwa mstari kama makaburi ya misheni.

Na ile sakafu? Nilipokuja kukutazama baada ya uzazi niliiona. Udongo mtupu. Mtu akipiga chafya vumbi linainuka. Nilikaa juu ya kigoda siku tatu bila kusema neno, na wewe unajua maana ya kunyamaza kwangu.

Nyumba isiyotandikwa nyasi ni banda, na mtoto anayelelewa bandani atakoroma kama walio bandani. Tandika. Tafuta nyasi laini za rweya, za kule mlimani kwenye uwanda wazi, siyo magugu ya bondeni. Kila Jumamosi weka mpya juu ya zile za zamani, na za chini usiziguse. Nyumba ya heshima inakanyagika kama godoro, mgeni akiingia mguu wake unajua kwamba amefika kwa watu.

La pili. Unasema mkweo Adventina anataka mtoto apelekwe kwa mkata kimeo. Kisu cha mtu huyo kinakata makoo ya watoto asubuhi na kamba za mbuzi jioni. Ukimpeleka Ildefons kwake, mimi na wewe tumeachana. Namwita Ildefons kwa sababu ndilo jina nililomwombea. Hilo la Mwijage mnalomwita ninyi endeleeni nalo.

Mama wakwe nawafahamu. Nilizika watoto wangu wawili, Karugendo na Klaudia, kabla hata mmoja hajasimama, wote wakivuta pumzi kama huyu wako, na najua jicho la nani lilikuwa mlangoni kwangu. Mkinge mtoto na jicho, mkinge na kisu, umtandikie nyasi.

Ni mimi shangazi yako,
Benigna


Kimwani, 8 Machi 1973

Shangazi, waitu, shikamoo.

Milele amina. Hapa wanaruhusu. Nathanael naye hujibu hivyo akianzwa, na anakusalimu. Barua yako sikumsomea.

Habari za huku ni za kawaida. Kijiji kimepata trekta la kuazima, likafanya kazi siku mbili, siku ya tatu likafa katikati ya shamba, na sasa kuku wanataga chini yake. Jirani yangu Jovitha amejifungua pacha. Mama Adventina anasumbuliwa na magoti lakini ulimi wake mzima.

Nimetandika, shangazi. Nyasi za bondeni ni ngumu kama fito, kwa hiyo nilipanda mlimani na mtoto mgongoni, asubuhi nzima kwenda na mchana mzima kurudi. Majirani walikuja kushangaa. Hapa tumekusanyika kutoka kila upande, na wengine hawajui kwa nini mtu aingize nyasi ndani wakati ng'ombe yuko nje. Mmoja aliniuliza kama nimeanza kufuga. Niliwadharau, na nakiri kwamba nilifurahi kuwadharau. Kwa siku mbili nilijiona niko Kashozi.

Lakini mtoto bado. Kifua chake kinalia kama chungu cha maharage kinachokaribia kuungua. Akinyonya anaachia katikati kutafuta hewa, kisha analia kwa njaa, na kulia kunambana zaidi. Kwenye mizani ya zahanati ana uzito ule ule wa mwezi uliopita. Mama Adventina ametaja kimeo mara nne, nami nimekataa mara nne. Anasema nina kiburi cha Kashozi. Nathanael yuko katikati yetu, na katikati ndipo mahali anapopapenda.

Nataka kukuuliza jambo moja. Ulisema nyasi za chini zisiguswe. Huku mvua zimeanza, na za chini zimeanza kutoa harufu. Je, ndivyo inavyokuwa?

Mimi mwanao,
Kokushubila


Kashozi, 25 Machi 1973

Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristu. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, na mimi habari niliyopashwa ni kwamba umekwenda kuokota nyasi za Kimwani.

Hatujambo. Byabato ameanza kuvaa viatu hata akienda kukata ndizi. Kokuhirwa aliugua wiki iliyopita, mawifi wakaja kuniita, nikawaambia wampelekee uji wao wenyewe. Alipona. Watu wa namna hiyo hupona.

Nyasi hazinuki. Kinachonuka ni bonde. Wewe mwenyewe ulikulia juu ya nyasi hizi hizi, ukala juu yake, ukajifunzia kusoma juu yake, na kifua chako mpaka leo kinaimba kwaya. Kwa hiyo usinifundishe. Umeweka kidogo, tena mbovu, ndiyo maana mtoto hajapata nafuu.

Nimekata matita sita kwenye rweya yetu, nikayafunga kwa kamba za migomba, nikampa Muharami wa Nshamba, yule mwenye lori la kahawa. Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Mama," ananiambia, "nimebeba kahawa, nimebeba samaki, nimebeba maiti, lakini kupeleka nyasi Kimwani sijawahi." Nikamwambia abebe na anyamaze. Mtu aliyezaliwa juu ya saruji hawezi kuelewa. Alibeba.

Yatandaze yote sita. Na huyo Adventina anayesema kiburi cha Kashozi, mwambie kiburi ni cha mwenye kitu. Asiye na kitu hujiita mnyenyekevu.

Shangazi yako,
Benigna


Kimwani, 2 Mei 1973

Shangazi, waitu, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Pasaka tuliila vizuri, nilipata kipande cha nyama na ndizi za kwetu zilizoletwa na shemeji kutoka Nshamba. Matita yalifika yote sita. Nashukuru. Niliyatandaza siku ile ile, chumba kikajaa mpaka mlango ukawa mgumu kufunga.

Juma lililofuata mtoto alibanwa kuliko siku zote. Shingo ilikuwa ikiingia ndani kila akivuta pumzi. Nilikimbia naye zahanati. Yuko mganga msaidizi mpya pale, kijana anaitwa Clavery, mtoto wa Rugaibula. Alimpa dawa ya maji na mtoto akatulia. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: analala wapi, analala juu ya nini, moto unawashwa wapi, anabanwa zaidi akiwa ndani au akiwa shambani mgongoni kwangu. Nikamwambia shambani huwa hakoromi sana. Sikuwa nimeliona mpaka niliposikia mdomo wangu ukilisema.

Jioni alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, nataka ulijue hilo. Akachukua fimbo ya kuchungia, akaichomeka kwenye nyasi mpaka sakafuni, akainua. Za juu zilikuwa nzuri, za kwako. Za chini zilikuwa nyeusi, zimeshikana, na zilipofunuliwa ukapanda unga kama wa mahindi yaliyooza. Mtoto alikuwa mkononi mwangu hatua tatu kutoka pale. Alianza kukohoa hapo hapo.

Clavery akasema, "Mama, toa zote. Acha sakafu ikauke, na moto uhamie nje." Nikamwambia siwezi kutoa kitu kilichowekwa kwa amri ya shangazi yangu bila kumwuliza. Aliiegemeza fimbo ukutani, akavaa viatu, akaenda zake.

Shangazi, ndiwe uliyenilea, nami sijawahi kufanya jambo nyuma yako isipokuwa kuolewa. Naomba ruhusa nizitoe. Nitazitandika tena akikua. Naomba ujibu upesi, Muharami anapita Kashozi kila Jumanne.

Mwanao,
Kokushubila


Kashozi, 21 Mei 1973

Kokushubila,

Barua yako ilifika Jumanne. Muharami alisubiri jibu dakika nyingi pale barabarani, nikamwacha aondoke. Jibu la hasira halipelekwi na lori la kwanza.

Hatujambo. Kahawa inaiva.

Huyo Clavery namjua. Namjua baba yake Rugaibula, aliyekuwa akiitwa kukanyaga ndizi za pombe za watu na kulipwa kibuyu kimoja, nusu yake akiinywa kabla ya kufika kwake. Leo mtoto wake anachomeka fimbo kwenye sakafu ya mtoto wangu. Amesoma miaka mingapi, miwili? Aliporudi hakuuliza nyumba yao ilitandikwa nini, kwa sababu haikuwahi kutandikwa kitu. Asiyetandikiwa kwao atajuaje nyasi?

Nasikia redioni serikali imeanzisha vikundi vya Mtu ni Afya, watu wazima wanakaa chini kusomewa kitabu kinachowaambia wachimbe choo. Bila shaka Nathanael ni kiongozi wa kikundi. Hongera. Mume wako amekuwa mtu mzima, anajua choo.

Sitoi ruhusa. Nasema mara moja. Ukiifanya nyumba yako banda, usije Kashozi, na mtoto wako asije, kwa sababu nitaona aibu kumwonyesha pa kukaa. Mimi nilitandika kwa ajili ya Karugendo, nikatandika kwa ajili ya Klaudia, hakuna mwanamke Kashozi yote aliyetandika kunishinda, na kama ingekuwa nyasi zinadhuru kifua cha mtoto basi mimi

Nimekata sentensi hiyo kwa sababu haina maana. Waliuawa na jicho. Kila mtu alijua.

Kesho nitamkabidhi Muharami matita mawili mengine.

Benigna


Kimwani, 4 Septemba 1973

Shangazi, shikamoo.

Ni miezi mitatu na zaidi. Najua umekuwa ukiuliza habari zangu kwa Muharami, naye nilimwambia asikueleze kitu. Sasa nitakueleza mwenyewe, moja moja.

Huku ni wazima. Mahindi ya kijiji yalivunwa, kila nyumba ikapata mgao. Pacha wa Jovitha wanakaa. Trekta limeondolewa, kuku wamehama.

Ulipokataa, nilitii. Matita yako mawili niliyatandaza Jumamosi ile ile, juu ya yale sita. Nathanael alisimama mlangoni akitazama, akasema, "Koku, huyu ni mtoto au ni mgomba, unamrundikia nyasi hivi?" Nikamjibu kwamba mtu aliyekimbia kibanja cha babu yake asinifundishe heshima. Nililitoa kwako neno hilo. Lilikaa vizuri mdomoni mwangu.

Siku ya nne, asubuhi ya soko, midomo ya mtoto ilikuwa zambarau. Hakuwa akilia tena. Alikuwa anavuta tu, macho yamemtoka, ananitazama kama mtu anayeniomba nimfungulie mlango. Clavery akasema hapa siwezi, nendeni mjini. Muharami alikuwa amekwisha kupakia mahindi. Alishusha magunia kumi njiani bila kumwuliza mwenye mzigo, ili lori lipande milima haraka. Nathanael alikaa nyuma juu ya mzigo, mimi mbele na mtoto, na kutoka Muleba mpaka Bukoba nilihesabu pumzi zake, kwa sababu nilikuwa nimeshawishika kwamba nikiacha kuhesabu naye ataacha kuvuta.

Alilazwa siku kumi na tisa. Walimwekea hewa ya mtungi, wakamchoma sindano. Daktari alisema ni pumu, na akauliza maswali yale yale ya Clavery, neno kwa neno. Mtoto wa mkanyaga ndizi hakukosea hata moja.

Nilikuwa Bukoba siku kumi na tisa, shangazi. Kutoka pale mpaka Kashozi ni mwendo wa asubuhi moja. Sikukutumia salamu. Siku moja nilimwona Byabato sokoni na viatu vyake, nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi mpaka akapita. Niliogopa ungekuja wodini, ukatazama sakafu ya saruji, ukasema neno.

Tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mama Adventina, huyo huyo wa kimeo mwenye magoti mabovu, alikuwa amezoa nyasi zote kwa mikono yake, akazichoma, akapiga udongo mpya na kuulainisha. Jiko limehamia nje. Hakuniuliza, wala hakunisema. Alinionyesha tu mahali pa kulaza mtoto. Siku hizi nanyunyiza maji asubuhi, nafagia, basi. Tangu Julai Mwijage amebanwa mara mbili tu, tena kidogo, na dawa ilimtosha. Amenenepa mpaka mikono ina mikunjo. Nilikaa miezi mitatu nikiwadharau majirani kwa sakafu zao tupu, huku watoto wao wanakimbia juu yake.

Sikuomba ruhusa, na siombi sasa.

Nina swali. Daktari alitaka kujua kama kuna watoto wengine katika ukoo wetu waliokuwa na kifua hiki, kwa sababu pumu hupita katika damu, na akijua atajua namna ya kumtunza huyu. Nikakumbuka ulivyoandika, wote wakivuta pumzi kama huyu wako. Nieleze kuhusu Karugendo na Klaudia. Walianza lini? Walipotolewa nje walipata nafuu? Walilazwa juu ya nini?

Kokushubila


Kashozi, 30 Septemba 1973

Kokushubila,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba mtoto hajambo. Waliomsaidia Mungu awalipe.

Kahawa imeuzwa. Paroko ameanguka na pikipiki, hakuumia. Mvua zimeanza mapema.

Kuhusu swali lako sina la kusema. Hayo ni mambo ya kabla hujazaliwa, na daktari hakuwepo.

Benigna


Kimwani, 11 Novemba 1973

Shangazi, shikamoo.

Senene wameanza huku. Nimekukaangia kopo moja, Muharami atakuletea. Aliahidi kutowala njiani, lakini wahesabu.

Mwijage amesimama kwa kushika ukuta. Juma lililopita alipata mafua, nikatetemeka siku mbili, lakini kifua hakikumbana.

Sikuuliza ili kukuumiza. Hapana, niliuliza ili kukuumiza. Nilikuwa na hasira, nilitaka nawe ukae siku moja ukihesabu pumzi. Lakini swali ni la kweli na daktari bado analisubiri. Januari tunarudi Bukoba kumwona. Sina shangazi mwingine wa kumwuliza, na mtoto sina mwingine.

Mwanao,
Koku


Kashozi, 9 Desemba 1973

Mwanangu Koku,

Tumsifu Yesu Kristu. Senene walifika pungufu kidogo. Muharami anasema walipungua kwa joto.

Yule karani, mkwe wa Byabato, amehamishiwa Mwanza, kwa hiyo Byabato amerudi kusalimia kwa mkono mzima. Kwa mengine hatujambo.

Mwambie daktari ndiyo. Wawili. Karugendo alianza akiwa na miezi miwili, Klaudia hata miwili hakufikisha. Nje, juani, chini ya mibuni wakati wa kuchuma, walikuwa wanapumua kama watoto wa watu. Nililijua hilo tangu wakati ule. Nilisema ndani kuna jicho. Walilazwa juu ya mkeka, mkeka juu ya nyasi, na nyasi zilifika katikati ya muundi wangu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza hata padre. Karugendo alipokuwa na miezi minne, Kokuhirwa alisimama mlangoni kwangu, mawifi wote watatu wamekaa, akasema, "Nyumba hii imevunda. Zoa hizo nyasi, umtoe mtoto apate hewa." Hivyo tu. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, nimetoka kwa masista, najua kusoma, na mwanamke asiyejua hata kushika kalamu ananiita mchafu mbele ya watu. Jumamosi ile nilitandika matita mawili badala ya moja, ili apite aone. Karugendo tulimzika kabla ya Pasaka. Klaudia alipozaliwa nikatandika matatu. Kokuhirwa alirudi mlangoni mara moja, alitazama tu nyasi kisha akamtazama mtoto. Ndilo hilo jicho nililowasimulia watu miaka thelathini na moja. Wakaacha kunywa kwake. Wakaacha kumwalika kwenye misiba. Nilikuwa msemaji mzuri.

Sijui kama ni nyasi zilizowaua. Daktari wako hakuwaona, nami siwapendi watu wanaojua magonjwa ya watoto wasiowaona. Lakini nilizizoa zangu. Kazi ya siku nne, mwanamke mzee peke yake, maana sikutaka mtu aone. Za chini kabisa zilikuwa udongo, Koku. Byabato alipita akaniuliza kama nahama. Nikamwambia afunge kamba za viatu vyake.

Halafu nilivaa nguo ya kanisani, nikapita nyuma ya migomba, hatua themanini, sikujua kwamba ni themanini tu. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharage. Nilipiga magoti pale udongoni, nikamsalimia kama nilivyopaswa kumsalimia tangu siku niliyoletwa. Aliinua uso akanitazama, masikio yake ni mazima na macho yake ni mazima. Kisha akaendelea kuchambua.

Nilikaa kwenye magoti mpaka yakafa ganzi, nikainuka, nikarudi. Wewe ungenicheka. Mimi ningejicheka, ningekuwa mtu mwingine. Mwanamke niliyemwita mshamba maisha yangu yote aliona kwa macho yake kile ambacho mimi, na vitabu vyangu, na masista wangu, nilikifunika kwa nyasi mpya kila Jumamosi.

Mwite mtoto Mwijage. Adventina mpelekee kilo mbili za sukari nilizompa Muharami, usiseme zimetoka kwangu.

Nimekwenda kwa Kokuhirwa kila asubuhi tangu siku ile. Leo ilikuwa ya kumi na moja. Napiga magoti, namsalimia, haitiki, narudi. Sina haki ya kumlaumu. Kesho nitakwenda tena.

Shangazi yako,
Benigna